Edward Jenner: Tabibu wa kijijini aliyeishinda ndui

WAHENGA walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Yamkini hakuna mtu aliyeuthibitisha ukweli wa methali hiyo kumliko Edward Jenner, tabibu wa kijijini nchini Uingereza, aliyechukua maradhi madogo ya ng'ombe na kuyatumia kuzima maradhi makubwa ya wanadamu.

Maradhi hayo makubwa yalikuwa ndui. Vijana wa leo huyajua kwa kusimuliwa tu, lakini kwa karne nyingi jina hilo lilitosha kukifanya kijiji kizima kihame. Mgonjwa alishikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na mgongo, kisha mwili wake ukafunikwa na vipele vilivyojaa usaha. Katika kila wagonjwa 10, takriban watatu walifariki. Waliopona walibaki na makovu usoni hadi kaburini, na baadhi yao wakapofuka.

Barani Ulaya, inakadiriwa kuwa watu wapatao 400,000 walikufa kwa ndui kila mwaka katika karne ya 18. Maradhi hayo hayakubagua tajiri wala maskini. Malkia Mary wa Pili wa Uingereza aliaga dunia kwa ndui mnamo 1694, naye Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa akamfuata mnamo 1774. Afrika Mashariki nayo haikusazwa. Wakati wa njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, ndui ilizuka Ukambani na Ukikuyu na kuwamaliza watu ambao tayari walikuwa wamedhoofishwa na ukosefu wa chakula.

UTOTO WA MAJONZI

Jenner alizaliwa Mei 17, 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, jimbo la Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Babake, Stephen Jenner, alikuwa kasisi wa mahali hapo. Edward alikuwa mtoto wa nane katika familia ya watoto tisa. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, wazazi wake wote wawili walifariki, akalelewa na kaka yake mkubwa ambaye pia alikuwa kasisi.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, alipelekwa kuchanjwa. Ikumbukwe kwamba chanjo ya siku hizo haikuwa kama ya leo. Tabibu alichukua usaha kutoka kwa mgonjwa wa ndui na kuutia katika mkato mdogo kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya. Aliyechanjwa aliugua ndui kwa kiasi, na akishapona hakuipata tena maishani.

Ujuzi huo haukuwa wa Wazungu. Ulijulikana kwa miaka mingi China, India, Uturuki na sehemu kadhaa za Afrika. Huko Boston, Marekani, mtumwa mmoja kutoka Afrika aliyeitwa Onesimus ndiye aliyemweleza bwana wake, kasisi Cotton Mather, jinsi watu wa kwao walivyojikinga, na ujuzi huo ukatumiwa ndui ilipozuka mjini humo mnamo 1721. Mwaka uo huo, Bibi Mary Wortley Montagu, mke wa aliyekuwa balozi wa Uingereza mjini Istanbul, alimchanja bintiye jijini London baada ya kuyaona hayo kwa macho yake Uturuki.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Mtu mmoja au wawili kati ya kila 100 waliochanjwa hivyo walikufa kwa ndui waliyopewa. Isitoshe, aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake ndui kamili. Kwa sababu hiyo, watoto walitengwa wakati wa matibabu. Edward mdogo alinyimwa chakula, akatolewa damu, kisha akafungiwa zizini pamoja na watoto wengine hadi alipopona. Mateso hayo hakuyasahau.

MWANAFUNZI WA HUNTER

Alipotimu umri wa miaka 13 au 14, Jenner alitiwa chini ya daktari wa upasuaji katika mji wa Chipping Sodbury ili ajifunze kazi. Siku hizo, vijana wengi walijifunza utabibu kwa kumfuata mkuu wao kila mahali kwa miaka kadhaa, kama afanyavyo mwanagenzi wa useremala.

Eneo hilo lilikuwa la wafugaji. Miongoni mwao kulikuwa na imani iliyorithishwa toka kizazi hadi kizazi, kwamba msichana anayekama ng'ombe akipata ndui ya ng'ombe, hatapata ndui ya watu. Ndui ya ng'ombe ilitokea kwenye chuchu za mnyama, ikamwambukiza mkamaji mikononi. Ilileta malengelenge machache na homa kidogo, kisha ikaisha. Madaktari wengi waliyachukulia masimulizi hayo kuwa porojo za watu wa mashambani. Jenner aliyasikia, akayaweka moyoni.

Mnamo 1770, akiwa na miaka 21, alikwenda London kusomea katika Hospitali ya St George's chini ya John Hunter, mmoja wa madaktari mashuhuri wa upasuaji wa zama hizo. Hunter alimfunza jambo moja lililomwongoza maisha yake yote: kutotosheka na kukisia, bali kujaribu na kuona. Urafiki wao uliendelea kwa barua hadi Hunter alipofariki mnamo 1793.

Jenner angeweza kubaki jijini akatafuta umaarufu. Badala yake, alirudi Berkeley akawa tabibu wa kawaida, akipanda farasi kwenda kuwatazama wagonjwa vijijini. Wakati wake wa faragha aliutumia kuchunguza viumbe. Alichunguza ndege anayetaga mayai katika viota vya ndege wengine, akagundua kuwa kinda lake, likiwa bado halijaota manyoya, ndilo linalowasukuma nje makinda ya mwenye kiota. Kwa kazi hiyo, alichaguliwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Wanasayansi mnamo 1789. Mwaka mmoja kabla ya hapo, alikuwa amemwoa Catherine Kingscote.

MTOTO WA MTUNZA BUSTANI

Kwa miaka mingi, Jenner alikusanya habari za watu waliowahi kuugua ndui ya ng'ombe. Alipowachanja kwa ndui ya kawaida, aliona kuwa wengi wao hawakudhurika. Ndipo akajiuliza iwapo ndui ya ng'ombe ingeweza kuhamishwa kwa makusudi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, iwe ngao kwa wote.

Nafasi ilipatikana mwezi Mei 1796. Msichana mmoja mkamaji wa ng'ombe, Sarah Nelmes, alimjia akiwa na malengelenge mkononi aliyoyapata kutoka kwa ng'ombe aliyeitwa Blossom. Mnamo Mei 14, Jenner alichukua majimaji ya lengelenge hilo, akayatia katika mikato miwili midogo kwenye mkono wa mtoto wa miaka minane, James Phipps, ambaye babake alikuwa kibarua maskini na mara nyingine akimtunzia Jenner bustani.

Siku ya saba, mtoto alilalamika kuwa kwapa lilikuwa likimuuma. Siku ya tisa alihisi baridi, akakosa hamu ya chakula, na kichwa kikamwuma kidogo. Kesho yake alikuwa mzima kama kawaida.

Jaribio lenyewe lilikuwa bado. Mnamo Julai 1, 1796, Jenner alimchanja mtoto huyo kwa usaha wa ndui halisi. Endapo alikuwa amekosea, James angeugua ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwaua watoto kote nchini. Siku zikapita. Hakuna kilichotokea. Alimchanja tena baada ya miezi kadhaa, na bado mtoto hakuugua.

Kwa mizani ya leo, kitendo hicho kisingeruhusiwa. Dawa mpya hupitia maabara na watu wazima waliojitolea kwa hiari kabla ya kumfikia mtoto, na kamati za maadili huichunguza kila hatua. Phipps hakuulizwa, na babake hakuwa mtu wa kumkatalia daktari kwa urahisi. Lakini katika enzi hiyo, kumchanja mtoto kwa ndui halisi lilikuwa jambo la kila siku, na Jenner mwenyewe alikuwa amefanyiwa vivyo hivyo akiwa na umri huo huo. Jipya lilikuwa kumpa mtoto ngao kwanza.

KUKATALIWA NA KUDHIHAKIWA

Mnamo 1797, Jenner aliwasilisha matokeo yake kwa Chama cha Kifalme. Yalirudishwa. Wakuu wa chama waliona kuwa ushahidi wa mtoto mmoja na visa vichache vya wafugaji haukutosha kupindua mambo yaliyozoeleka. Ndui ya ng'ombe nayo ilikuwa imetoweka katika eneo lake, hivyo hakuwa na namna ila kungoja.

Ilipozuka tena mwaka wa 1798, aliwachanja watoto wengine, akichukua majimaji kutoka kwa mmoja na kumpa mwingine, mkono kwa mkono. Mwaka huo huo alichapisha kitabu chake kwa gharama zake mwenyewe, akieleza visa 23. Ugonjwa wa ng'ombe aliuita kwa jina la Kilatini lililotokana na neno vacca, yaani ng'ombe. Kutokana na neno hilo, lugha nyingi za Ulaya zilipata jina la chanjo. Kiswahili kilifuata njia nyingine: chanjo latokana na kuchanja, yaani kuikata ngozi kidogo ili dawa iingie.

Jenner alikwenda London akakaa karibu miezi mitatu akitafuta watu wa kujitolea kuchanjwa. Hakumpata hata mmoja. Baadhi ya madaktari waliokuwa wakijipatia riziki kwa njia ya zamani walimpinga kwa sababu mfuko wao ulikuwa hatarini. Wahubiri wengine walisema ni dhambi kutia uchafu wa mnyama katika mwili wa binadamu. Mnamo 1802, mchoraji James Gillray alichapisha kibonzo kilichoonyesha watu waliochanjwa wakiota ng'ombe wadogo puani, mikononi na makalioni. Uvumi ukaenea kuwa mtoto aliyechanjwa angeota pembe.

Kulikuwa pia na makosa ya kweli yaliyowapa wapinzani nguvu. Mjini London, chanjo iliyotayarishwa katika hospitali ya wagonjwa wa ndui ilichanganyika na ndui yenyewe, na baadhi ya waliochanjwa wakaugua. Jenner naye alishikilia kuwa kinga yake ingedumu maisha yote. Katika hilo alikosea, kwani baadaye ilibainika kuwa nguvu ya chanjo hiyo hupungua kadiri miaka ipitavyo, na mtu huhitaji kuchanjwa upya.

Haki inadai pia itajwe kuwa Jenner hakuwa wa kwanza kulijaribu jambo hilo. Mnamo 1774, mkulima Benjamin Jesty wa Dorset alimchanja mkewe na wanawe wawili kwa ndui ya ng'ombe, akapigwa mawe na kutukanwa na majirani. Jesty alitaka kuiokoa familia yake tu. Jenner ndiye aliyelifanyia jambo hilo uchunguzi, akaliandika na kulitangaza ili kila daktari aweze kulirudia na kujionea.

Na wakalirudia. Katika miaka michache tu, chanjo ilikuwa imefika sehemu nyingi za Ulaya na Marekani. Napoleon, ingawa alikuwa vitani na Uingereza, aliamuru askari wake wachanjwe, na Jenner alipomwandikia akiwaombea wafungwa wa Kiingereza, baadhi yao waliachiliwa. Mnamo 1803, Mfalme wa Uhispania alimtuma daktari Francisco Javier de Balmis kuipeleka chanjo katika makoloni yake ya ng'ambo. Kwa kuwa hakukuwa na barafu wala jokofu la kuihifadhi, watoto mayatima 22 walipakiwa melini, wakachanjwa wawili wawili safarini ili majimaji yasikauke kabla ya kufika nchi kavu. Chanjo iliivuka bahari katika miili ya watoto wasiokuwa na mtu wa kuwasemea.

JINSI KINGA INAVYOFANYA KAZI

Jenner hakujua ni kwa nini njia yake ilifaulu. Virusi vilikuwa havijagunduliwa. Sayansi ya baadaye ndiyo iliyofumbua fumbo hilo.

Mwili wa binadamu una askari wake katika damu. Viini vya maradhi vinapoingia mara ya kwanza, askari hao huwa hawavijui, na huchukua siku kadhaa kutengeneza silaha zinazovifaa, ziitwazo kingamwili. Katika muda huo, ugonjwa mkali huweza kumuua mtu kabla ya silaha kuwa tayari. Lakini mtu akipona, baadhi ya askari hao hubaki na kumbukumbu ya adui. Akirudi, hukabiliwa mara moja kabla hajaota mizizi.

Chanjo huupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha katika hatari ya ugonjwa wenyewe. Virusi vya ndui ya ng'ombe na vya ndui ya watu ni vya ukoo mmoja, na hufanana kiasi kwamba mwili ukivijua vya kwanza huvitambua vya pili. Chanjo nyingine hutumia viini vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua. Nyingine hutumia viini vilivyouawa au kipande chao tu, na nyingine, kama ya pepopunda, hutumia sumu ya viini iliyokwisha kuondolewa makali. Homa kidogo au uvimbe unaompata mtoto baada ya kuchanjwa kwa kawaida ni dalili kuwa askari wa mwili wameamka.

Kuna faida nyingine. Watu wengi katika kijiji wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hivyo hata mtoto mchanga ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa, au mgonjwa asiyeweza kuchanjwa, hulindwa na wenzake. Kinyume chake pia ni kweli: wazazi wengi wakiwaficha watoto wao, ugonjwa uliokwisha kusahauliwa hurejea.

SIKU ZA MWISHO

Bunge la Uingereza lilimtuza Jenner pauni 10,000 mnamo 1802 na pauni 20,000 nyingine mnamo 1807. Zilikuwa fedha nyingi, lakini alikuwa ameiacha kazi yake ya kawaida kwa miaka mingi akijibu barua na kutuma chanjo pande zote za dunia. Hakuomba hataza ya kumfanya auze ugunduzi wake. Katika bustani yake huko Berkeley kulikuwa na kibanda kidogo ambamo aliwachanja maskini bila malipo.

Aliyewakinga watoto wa wengine hakuweza kuwaokoa wa nyumbani mwake. Kifua kikuu, ambacho wakati huo hakikuwa na chanjo wala tiba, kilimuua mwanawe wa kwanza, Edward, mnamo 1810, kisha mkewe Catherine mnamo 1815. Baada ya msiba huo wa pili, Jenner alijitenga na shughuli nyingi za hadhara akabaki Berkeley.

James Phipps hakumsahau. Alipokua na kuoa, alimpa nyumba ya kuishi bila kulipa kodi. Jenner alipofariki kwa kiharusi mnamo Januari 26, 1823, akiwa na umri wa miaka 73, Phipps alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza kaburini.

KUTOKA BERKELEY HADI MERCA

Ndui haikuisha kwa kifo cha Jenner. Katika karne ya 20 pekee, inakadiriwa iliwaua watu milioni 300. Lakini silaha ilikuwa tayari. Mnamo 1967, Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni kali ya kuimaliza. Mambo kadhaa yalisaidia. Ndui ya watu haikuishi katika mnyama yeyote, hivyo haikuwa na maficho. Dalili zake zilionekana wazi. Chanjo ilikuwa sasa imekaushwa, ikaweza kuvumilia joto. Na badala ya kuwangoja watu wote, wahudumu walimtafuta kila mgonjwa na kuwachanja wote waliomzunguka.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, Somalia. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye hakuwa amepata kinga. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kuwahimiza Wasomali wawachanje watoto wao dhidi ya polio, na alikuwa angali katika kazi hiyo alipoaga dunia mnamo 2013.

Ilikuwa jijini Nairobi, Oktoba 26, 1979, ambapo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Pembe ya Afrika, ngome ya mwisho ya ndui, ilikuwa imesafishwa. Mnamo Mei 8, 1980, Baraza Kuu la shirika hilo lilitangaza kuwa dunia nzima imeokoka. Hadi leo, ndui ndiyo maradhi pekee ya binadamu yaliyong'olewa kabisa duniani.

Wazee wengi bado wana kovu la chanjo hiyo mkononi, ilhali wajukuu wao hawana, kwa sababu hawaihitaji. Wajukuu hao hupelekwa kliniki kuchanjwa dhidi ya surua, polio, kifaduro na pepopunda, na tangu Septemba 2019 Kenya ilianza pia kuwachanja watoto wa maeneo ya magharibi dhidi ya malaria, maradhi ambayo watafiti walihangaika nayo kwa miongo mingi.

Uvumi nao haujafa. Kila chanjo mpya ijapo, huzuka wa kusema kuwa itawageuza watu au kuwafanya tasa, kama walivyosema wa London kuhusu pembe za ng'ombe. Swali la mzazi anayetaka kujua mtoto wake anapewa nini ni halali, na linastahili kujibiwa kwa subira na ukweli. Jenner mwenyewe alijibu maswali ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Pembe hazikuota, na ndui ilitoweka.